Tusibomoe Nyumba ya Wazee

Katika vijiji vya Katanga zingalipo nyumba za shambani ambazo baba zetu walizijenga kwa matofali mabichi ya udongo wa kichuguu. Kijana arudipo kutoka mjini na fedha kidogo, neno lake la kwanza ni hili: «Tuibomoe, tujenge ya saruji.» Twawaomba mkawie kidogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta mpya una gharama yake.

Saruji hutokana na mawe yaliyochomwa kwa moto wa digrii 1450 hivi. Matofali ya kuchoma nayo hula miti ya pori letu, ambayo makala yamekwisha kuipunguza mno. Lakini ukuta wa zamani haudai moto wowote. Tena, ukiwa mnene, hupokea joto la mchana polepole na kulitoa usiku. Hivyo nyumba haiunguzi adhuhuri, wala haiwatetemeshi watoto katika baridi ya mwezi wa Juni.

Basi, kazi ianzie wapi? Kwanza, maji, kwa maana adui wa udongo ni maji, si uzee. Chimbeni mfereji kuizunguka nyumba, tengenezeni kwa mawe msingi ulioliwa, na paa litokeze vizuri mbele ya ukuta. Nyufa ndogo zijazwe udongo uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa. Bali ukuta uliokwisha kuinama, heri kuujenga upya. Msipake saruji juu ya udongo: hufunga unyevu ndani, ukuta ukalika pasipo kuonekana. Pakeni udongo au chokaa, ili ukuta upumue.

Pili, mabati. Chini ya bati tupu ni nani awezaye kupumzika saa nane mchana? Huko Gando, katika nchi ya Burkina Faso, Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji hicho, alimaliza shule ya matofali ya udongo mwaka 2001. Bati aliliinua juu ya dari, upepo ukapita katikati na kuliondoa joto. Kazi hiyo ilipata tuzo ya Aga Khan mwaka 2004. Nyumbani kwetu, dari ya matete na matundu ya hewa chini ya paa yatasaidia kwa namna iyo hiyo.

Tatu, jua. Dirisha jipya lielekee kaskazini au kusini, kwa kuwa jua la jioni hupiga ukuta wa magharibi. Huko pandeni mwembe.

Fedha itakayobaki iwe karo ya watoto. Jamaa na wakutane mapema, wakati wa kiangazi, kabla ya mvua za Novemba, na wazee wapewe nafasi ya kwanza kusema: ndio wajuao udongo ule ulitoka katika kichuguu gani.