Intaneti: Wageni wa uongo wanavyojaza serveri, na namna ya kuwazuia

Mkaaji wa Goma ama wa Bunia ananunua mega, anafungua ukurasa wa intaneti, ukurasa haufunguki. Mara moja analaumu rezo. Mara nyingi ni kweli. Lakini kuna siku rezo iko sawa, na shida iko mbali, kwenye ile ordinateri kubwa inayobeba ukurasa, ndiyo serveri. Imejaa wageni ambao hawakuingia na hawataingia.

Namna gani inatokea? Kabla mashine mbili ziongee kwenye intaneti, zinasalimiana kwa hatua tatu. Telefone inabisha hodi. Serveri inajibu « karibu ». Telefone inasema « nimefika », na kazi inaanza. Shida iko katikati. Wakati serveri inasema « karibu », tayari imetenga nafasi ndani ya kumbukumbu yake kwa mgeni, na inamungojea. Bado haijajua ni nani.

Mtu mbaya anatumia mlango huo. Anatuma hodi maelfu, kila moja na adresi ya uongo. Serveri inajibu adresi ambazo hazitarudisha neno, inangoja, nafasi zinaisha. Mtu wa kweli akifika, anakuta hakuna kiti.

Tarehe 6 Septemba 1996, Panix, kampuni ya intaneti ya New York, ilishambuliwa namna hiyo, na huduma zake zikavurugika kwa siku kadhaa. Tarehe 19 mwezi ule ule, CERT, kituo cha Marekani cha usalama wa ordinateri, kilitoa onyo. Mshambuliaji hakuhitaji mashine kubwa wala neno la siri la mtu yeyote. Kubisha hodi kulitosha.

Wazo la kwanza la watu wengi ni kuongeza kumbukumbu. Haisaidii sana, juu hodi moja ya uongo ni rahisi kuliko nafasi moja ya kweli. Ukiongeza viti kumi, adui anaongeza hodi kumi, na yeye halipi kitu.

Dawa ilitoka mwezi ule ule, kwenye wazo la Daniel J. Bernstein, mwanahisabati wa Marekani. Mfano wake ni kituo cha afya. Mapokezi hawamuwekei kiti kila anayeita kutoka barabarani. Wanamupa jetoni yenye saa na muhuri wa siri, na wao wenyewe hawaandiki kitu. Anayerudi na jetoni, muhuri unachunguzwa, ndipo anapewa kiti. Aliyetoa adresi ya uongo hapati jetoni, juu imetumwa kwa adresi ile nyingine. Basi hawezi kurudi nayo.

Kazi hii inafanywa ndani ya kiini cha sistemu, ile programu ya chini kabisa inayoongoza mashine yote. Linux, kiini kinachotumika kwenye serveri nyingi na kwenye telefone zote za Android, ilipata dawa hii mwaka 1997. Lakini jetoni ni ndogo: ni namba moja ya biti 32. Mapatano mengine ya mwendo wa haraka hayaenei ndani yake. Ndiyo maana kwa kawaida Linux inaitumia tu wakati orodha ya wanaongoja imejaa.

Mwaka 2018 somo lilirudi kwa njia nyingine. Ujumbe mkubwa ukikatwa vipande, mashine inavitunza mpaka vyote vifike. Linux ilikuwa imeongeza nafasi ya kutunza vipande hivyo, kutoka kilobaiti 256 hadi megabaiti 4. Washambuliaji wangeweza kutuma vipande visivyokamilika na kuchosha mashine nzima. Moja ya dawa zilizotolewa ilikuwa kurudisha kipimo kwa kilobaiti 256. Nafasi kubwa kwa asiyejulikana ilikuwa imegeuka mzigo.

Lakini kubana sana nako kuna mtu anaumia. Ukipunguza muda wa kungoja, wa kwanza kufukuzwa ni mwenye rezo ya polepole, na huyo mara nyingi ni mkaaji wa huku kwetu. Kwa hiyo kazi ya mafundi si kufunga mlango. Ni kuhakikisha mgeni asiyejulikana hatumii kitu cha bei kabla ya kujionyesha.

Jetoni haimalizi vita yote. Adui akijaza barabara yenyewe, hata mapokezi bora hayafikiwi. Tarehe 21 Oktoba 2016, kamera na maboksi ya wifi yaliyotekwa na programu inayoitwa Mirai yalishambulia kampuni Dyn ya Marekani, na Twitter na Netflix hazikufunguka kwa watu wengi. Mirai iliingia kwa maneno ya siri yaliyotoka kiwandani, ambayo wenyewe hawakubadilisha.

Hapo ndipo mambo haya yanafika nyumbani. Boksi ya wifi ya duka ama ya shule ikibaki na neno la siri la kiwanda, inaweza kuwa moja ya wale wanaobisha hodi za uongo, na mega za mwenye duka ndizo zinalipa. Kubadilisha neno hilo ni kazi ya dakika chache. Na shirika lenye serveri yake linaweza kumuuliza fundi maswali mawili: kiini kimepata mabadiliko mapya? Na mgeni asiyejulikana amewekewa kipimo gani?