Biashara Ikizorota, Tuanze na Upotevu Ulio Ndani



Mkazi wa Moshi hahitaji kufundishwa maana ya msukosuko wa uchumi. Bei ya kahawa ilipoporomoka duniani mwaka 2001, maumivu hayakuishia mashambani. Yaliteremka hadi madukani mjini, kwani mkulima asiye na fedha hanunui bati wala hashonei watoto nguo. Mwaka 2020 msukosuko ukaja kwa mlango mwingine. Ugonjwa wa korona ulisimamisha ndege, na watalii walioingia nchini wakapungua kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takriban 620,000. Hawakuumia wapagazi na waongozaji wa mlimani peke yao, bali pia dobi, fundi viatu na muuza mboga aliyetegemea hoteli.

Watalii walirejea, na mwaka 2023 walizidi milioni 1.8. Lakini karakana iliyokwisha kufungwa haifunguki yenyewe kwa sababu ndege zimerudi. Basi swali letu ni hili: biashara ndogo ifanye nini ili ivuke kipindi kigumu ikiwa hai?

Wengi wetu, mauzo yanapopungua, hukimbilia mojawapo ya mambo matatu: kumwachisha kazi kijana, kukopa kwa riba, au kupunguza ujazo wa kipimo. Mawili ya mwisho hukumu yake inajulikana, nasi hatuna haja ya kuirefusha. La kwanza huenda likalazimu, lakini lisiwe la kwanza. Rai yetu ni kwamba kabla ya kumgusa mtu, tuuguse upotevu.

Hapa tuna la kujifunza kwa Wajapani. Mwaka 1950 kampuni ya magari ya Toyota ilikaribia kufilisika. Wafanyakazi wengi walipunguzwa, wakagoma, na mwasisi wake Kiichiro Toyoda akajiuzulu. Kampuni haikuwa na mtaji wa kujaza maghala kama wenzao wa Marekani. Katika dhiki hiyo ndipo mhandisi Taiichi Ohno na wenzake walipoukuza utaratibu wa kuusaka upotevu kila siku, hatua ndogo ndogo, kwa kumsikiliza anayeshika kazi kwa mikono yake. Juhudi hiyo ya kuboresha kidogo kidogo bila kukoma huitwa kaizen. Tunaona, basi, kwamba haikuzaliwa katika neema, bali katika uhaba.

Ohno aliutaja upotevu wa aina saba, na kila mmoja wetu ataukuta kwake. Seremala anayetengeneza vitanda kumi ambavyo hakuna aliyeviagiza amezika mtaji wake katika mbao. Duka lililorundika bidhaa zisizotoka limefanya vivyo hivyo. Nguo inayorudishwa kwa kukosewa kipimo hushonwa mara mbili na kulipwa mara moja. Mafundi watatu wanaomsubiri mwenye ufunguo wa stoo wanalipwa kwa kusubiri. Mzigo unaohamishwa kona hadi kona hauongezeki thamani. Kupiga msasa upande ambao hautaonekana kamwe ni jasho la bure. Na fundi anayezunguka akitafuta mkasi hashoni. Tupige hesabu: akitafuta kwa dakika 10, mara 6 kwa siku, saa nzima imekwenda. Kwa siku 26 za kazi ni saa 26, yaani zaidi ya siku 3 za kazi kila mwezi.

Pa kuanzia hapahitaji mtaji. Wizara ya Afya ilianza kuueneza utaratibu huu hospitalini mwaka 2007, ukianzia Hospitali ya Rufaa ya Mbeya, na hatua zake tano zikapewa majina ya Kiswahili: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha na Shikilia. Yaani tenga kinachohitajika na kisichohitajika, kila kifaa kipe mahali pake, safisha, huku ukikagua palipochakaa, weka kanuni moja inayofuatwa na wote, kisha idumishe. Kilichofaa wodini kitafaa pia kwa fundi cherehani wa Majengo na gereji ya Pasua. Mwaka 2010 washonaji wadogo wa Dar es Salaam walifundishwa mambo ya namna hii darasani na pia kwenye karakana zao wenyewe.

Atasema msemaji: kupanga mikasi hakuleti mteja. Ni kweli. Hakuna utaratibu unaoweza kuirudisha ndege iliyozuiwa. Lakini mwenye gharama ndogo husubiri muda mrefu zaidi kuliko mwenye gharama kubwa, na katika msukosuko, mara nyingi anayepona ni yule aliyeweza kusubiri.

Lipo pia onyo kwa waajiri. Kijana akikuonyesha njia ya kufanya kazi ya watu wawili kwa mtu mmoja, nawe ukamlipa kwa kumfukuza mwenzake, hutasikia tena wazo lolote kutoka kwake. Muda uliookolewa upelekwe kwenye kazi mpya: kufanya ukarabati, kumfuata mteja alipo, kumfundisha mwanagenzi. Bila uaminifu huo kaizen hugeuka kuwa jina jipya la kumkamua mfanyakazi.

Tunatoa wito kwa kila msikiti wenye mafundi na wachuuzi. Wakutane watano watano, watembeleane kazini mara moja kwa mwezi, na kila mgeni amwonyeshe mwenyeji upotevu mmoja. Jicho la mgeni huona rundo ambalo mwenyeji amekwisha kulizoea. Mwenyeji naye aandike daftarini alichorekebisha, ili mwezi ujao aulizwe. Tusingoje msukosuko mwingine ubishe hodi ndipo tuanze kutafuta mkasi.

Wabillahi tawfiq.