Reli mpya ya Tanzania: itafika Uvira, ao itaishia ngambo ya ziwa?

Mwezi wa 8 mwaka 2025, Rais Évariste Ndayishimiye wa Burundi pamoja na Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanzania wakati ule, walizindua huko Musongati kazi ya kujenga njia ya gari la moshi kutoka Uvinza, Tanzania, mpaka ndani ya Burundi. Toka siku ile, wakaaji wa Uvira, Fizi na Kalemie wanajiuliza swali moja: na sisi, lini?

Swali ni la haki. Mpango wa nchi tatu, Tanzania, Burundi na Kongo, unaonyesha njia inayoendelea kutoka Musongati mpaka Gitega na Bujumbura, inavuka mpaka pa Uvira, kiisha inapanda mpaka Kindu, mu Maniema. Lakini mpango ni kitu kimoja, na chuma kilicholazwa chini ni kitu kingine. Inafaa kutenganisha vipande.

Kilichomalizika, kinachojengwa, kilicho mu karatasi

Kilichomalizika ni kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro na Dodoma. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2017. Abiria walianza kusafiri mpaka Morogoro mwezi wa 6 mwaka 2024, na mpaka Dodoma mwezi wa 7. Rais Samia Suluhu Hassan alizindua rasmi tarehe 1 mwezi wa 8. Ni treni ya umeme, inaweza kufika kilometa 160 kwa saa. Safari ya Dar mpaka Dodoma, ambayo kwa basi inakula karibu siku nzima, sasa ni chini ya saa nne. Tiketi ya kawaida ilipangwa shilingi 31.000 mpaka Dodoma, na 13.000 mpaka Morogoro. Kwa mchuruzi, hiyo ni faida anayoihesabu na vidole: karibu siku nzima ya njia inakuwa asubuhi moja.

Kinachojengwa ni mbele zaidi kuelekea kwetu: Makutupora mpaka Tabora, na Tabora mpaka Kigoma. Kandarasi ya Tabora–Kigoma ilisainiwa mwezi wa 12 mwaka 2022 na makampuni ya China. Njia kuu yake ni kilometa 411; ukiongeza njia za kupishana mu stesheni, inafika 506. Ndipo tatizo liko. Katikati ya mwaka 2025, vipande hivi viwili vilikuwa vingali chini ya robo ya kazi. Hata Uvinza–Musongati, kilometa 282 kwa kandarasi ya karibu dola miliare 2,15, haitatumika vizuri kama njia ya Tabora haijamalizika. Tawi haliwezi kubeba matunda kama shina halijaota.

Kilicho mu karatasi ni Musongati mpaka Bujumbura, na upande wetu wote: Uvira mpaka Kindu. Huko kwetu hakuna hata msumari mmoja uliopigwa.

Franga ziko wapi?

Mwezi wa 12 mwaka 2023, Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikubali dola milioni 696 kwa ajili ya sehemu ya pili ya mradi huu. Karibu milioni 598 zilipangwa kwa Tanzania, na karibu milioni 99 kwa Burundi. Jina la mradi linataja Kongo, lakini mu ule mfuko hakuna sehemu ya Kongo. Hiyo si uonevu wa mtu. Benki inatoa franga mahali kazi iko tayari kuanza: masomo yamefanyika, njia imepimwa, na serkali imeweka sahihi.

Pia kuna sababu ya Burundi kuanzia Musongati na si Bujumbura. Musongati iko na madini ya nikeli. Reli inahitaji mzigo muzito ili ilipe deni, na madini ndiyo mzigo huo. Mtu wa Kivu anajua vizuri maana yake: njia iliyojengwa kwa ajili ya jiwe inaweza kumpita mlimaji bila kusimama.

Milima, vita, na upana wa reli

Kutoka Uvira kuelekea Kindu, njia inapaswa kutoka ku mwambao wa ziwa na kupanda milima kabla ya kushuka kwenye misitu ya Maniema. Reli haijapita huko hata siku moja, hata wakati wa Wabeleji. Ni kazi ya madaraja na matobo mu milima, yaani franga nyingi kwa kila kilometa.

Juu ya hayo kuna usalama. Mwaka 2025 waasi wa AFC/M23 walichukua Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili. Mwezi wa 12 waliingia Uvira, kiisha wakatangaza kuondoka. Hakuna kampuni itakayoleta masheni zake mahali bunduki zinasikika, na hakuna benki itakayokopesha.

Jambo la tatu halizungumzwi sana: upana wa njia. Reli mpya ya Tanzania iko na milimita 1.435 kati ya chuma na chuma. Reli ya zamani inayofika Kigoma iko na 1.000. Reli yetu ya SNCC, inayotoka Kalemie kupitia Kabalo na kufika Kindu, iko na 1.067. Gari la moshi la njia moja haliwezi kupita kwenye nyingine. Kwa hiyo kila mahali njia zinapokutana, mzigo utashushwa na kupakiwa upya. Ile kazi inalipwa, na anayeilipa mwishowe ni yule anayenunua sukari ku soko.

Kitakachofika kwanza ni Kigoma

Ukiweka haya yote pamoja, jibu linaonekana. Reli itafika Kigoma mbele ya kufika Uvira, pengine kwa miaka mingi. Na Kigoma si mahali pageni. Reli ya Wadachi ilifika huko mwaka 1914, na reli ya Kalemie ilimalizika mwaka 1915. Toka wakati ule, mizigo ya mashariki ya Kongo inavuka ziwa. Mwaka 1921 Wabeleji walipatana na Waingereza wapewe sehemu yao kwenye bandari za Dar es Salaam na Kigoma, sababu waliona mlango uko wapi.

Basi swali la leo kwa Kongo ni bandari, mbele ya kuwa reli. Kama treni mpya italeta kontena Kigoma kwa siku moja, mzigo utavuka na meli gani? Utashuka wapi? Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda, yakaingia bandari ya Kalundu pa Uvira na mitaa mingi, hata Kalemie. Na kutoka Kalemie, reli yetu imechoka: mwaka 2019 treni ilianguka Mayibaridi, mu jimbo la Tanganyika, na watu wengi wakapoteza maisha.

Kutengeneza Kalundu, kuinua bandari ya Kalemie, na kurudisha njia ya Kalemie–Kabalo katika hali nzuri ni kazi ndogo kuliko kutoboa milima ya Uvira. Hazihitaji kungojea Bujumbura. Na zitamfaa muuza ndagala na mlimaji wa mahindi sawasawa na mwenye madini.

Wabunge wa majimbo haya watakaporudi kuomba kura, wakaaji wanaweza kuwauliza mambo matatu. Je, masomo ya Uvira–Kindu yameanza, na nani anayalipa? Mu bajeti kuna franga ngapi kwa Kalundu na Kalemie? Na siku treni itakapopita, itakuwa na behewa za abiria ao za mawe tu? Anayejibu "reli inakuja" bila kujibu hayo, hajasema kitu.