Pangaboi au jeti: Mtihani wa kwanza wa rubani mpya

RUBANI kijana anapomaliza mafunzo na kukabidhiwa leseni ya biashara, ndoto yake huwa moja: kukaa katika chumba cha marubani cha ndege ya jeti. Hata hivyo, soko la usafiri wa anga la Afrika Mashariki lina utaratibu wake, na mara nyingi mlango wa kwanza kufunguka ni wa ndege ya pangaboi. Wapo wachache wanaojikuta na barua mbili mkononi, moja ikitoka katika shirika linalorusha ATR au Dash 8, nyingine katika shirika lenye jeti za masafa mafupi. Uamuzi anaoufanya kijana huyo unaweza kumfuata kwa miaka mingi.

Si uamuzi mwepesi, kwa kuwa nyuma yake kuna fedha. Mafunzo ya urubani hugharimu makumi ya maelfu ya dola za Marekani, na zipo familia zinazouza viwanja au kuingia mikopo ili mtoto mmoja apate leseni. Rubani wa namna hiyo huingia kazini akiwa na deni la shukrani nyumbani na pengine deni la benki. Akikosea shirika, wa kwanza kuumia si yeye peke yake.

Tofauti ya ndege hizi ni rahisi kuieleza. Zote huchoma mafuta ya aina moja. Katika ya kwanza nguvu ya injini huzungusha pangaboi. Katika ya pili injini yenyewe husukuma hewa nyuma kwa kasi kubwa. ATR 72 husafiri kwa takriban kilomita 500 kwa saa na haipandi zaidi ya futi 25,000. Dash 8-400 hukaribia kilomita 660 kwa saa. Jeti kama Embraer 190, CRJ900 na Airbus A220 huvuka kilomita 800 kwa saa na zinaweza kufika futi 41,000.

Kwa abiria wa njia fupi, tofauti hiyo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Kati ya Nairobi na Mombasa kuna kilomita zipatazo 420. Kwa mwendo huo wa angani, jeti humtangulia Dash 8 kwa takriban dakika nane tu, muda ambao abiria huumaliza akisubiri begi lake. Kwa mwenye shirika, pangaboi hutumia mafuta kidogo katika safari za namna hiyo, na huweza kutua katika viwanja vyenye njia fupi ambavyo jeti nyingi haziwezi kuvifikia. Ndiyo maana Precision Air ya Tanzania imejengwa juu ya ATR, na Jambojet ya Kenya, iliyoanza mwaka 2014 kwa Boeing 737, ikahamia Dash 8-400.

Kwa rubani mpya hesabu ni nyingine. Leseni ya biashara hupatikana kwa takriban saa 200 za kuruka, lakini leseni ya juu, inayomwezesha kuwa rubani mkuu wa ndege ya shirika, hudai saa 1,500 pamoja na masharti mengine. Pengo ni saa 1,300. Anayeruka saa 65 kwa mwezi hulifunga pengo hilo kwa miezi 20. Anayeruka saa 30 kwa mwezi atahitaji zaidi ya miaka mitatu na nusu. Kwa hiyo swali la kwanza si aina ya injini, bali ni kama ndege ya shirika husika inaruka au imeegeshwa.

Mfano upo karibu. Air Tanzania ilipopokea Airbus A220 Desemba 2018, ilikuwa ya kwanza barani Afrika kuwa na ndege hiyo mpya. Mwaka 2022 shirika hilo likalazimika kuziegesha kutokana na matatizo ya injini, ambayo yaliyakumba pia mashirika ya nchi nyingine yenye injini za aina hiyo. Halikuwa kosa la marubani wake. Hata hivyo, ndege ikikaa chini, kitabu cha saa cha rubani nacho husimama.

Kwa upande wa ujuzi, wanaotetea pangaboi wana hoja nzito. Rubani wa njia fupi anaweza kuruka na kutua mara nne au zaidi kwa siku, wakati mwenzake wa safari ndefu hutua mara moja au mbili. Pangaboi hupita chini zaidi, ndani ya mawingu ambayo jeti huweza kuyaruka kwa juu, na hutua katika viwanja vyenye vifaa vichache vya kumwongoza rubani. Msimu wa masika kandokando ya Ziwa Victoria ni darasa lisilopatikana katika mtambo wowote wa mazoezi.

Darasa hilo lina gharama yake. Tarehe 6 Novemba 2022, ATR 42 ya Precision Air iliyokuwa na watu 43 ilianguka katika Ziwa Victoria ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 walifariki dunia, wakiwamo marubani wote wawili. Kijana anayechagua njia hii hana budi kuuliza jinsi shirika linavyowafunza watu wake, na kama rubani anayeamua kugeuza ndege kwa ajili ya mvua huungwa mkono au hulaumiwa kwa mafuta aliyotumia.

Wanaotetea jeti nao hawakosi hoja. Mashirika makubwa, yakiwamo ya nchi za Ghuba, huthamini saa zilizorukwa katika jeti au katika ndege nzito. ATR 72 ina uzito wa juu wa tani 23 hivi wakati wa kuruka; Embraer 190 hukaribia tani 50. Anayeanza na jeti huzoea mapema mwendo mkali, anga la juu na mitambo ya kisasa ya kujiendesha. Kama lengo lake ni kurusha Boeing 787, jeti ndogo humfikisha kwa hatua chache.

Wengi hujibu swali hili kwa kusoma habari za Marekani, na hapo ndipo wanapopotoka. Kule, jeti ndogo za abiria 50 zilianza kuzisukuma pangaboi nje ya soko katika miaka ya 1990. Horizon Air iliziondoa Dash 8-400 zake Januari 2023. Aidha, baada ya ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo Februari 2009, iliyoua watu 50, sheria mpya ilianza kutumika mwaka 2013 ikimtaka hata rubani msaidizi wa shirika awe na saa 1,500 kwa kawaida. Ndege iliyoanguka ilikuwa pangaboi, lakini uchunguzi ulibaini kuwa rubani mkuu aliitikia vibaya onyo kwamba ndege inapoteza uwezo wa kuelea. Wamarekani hawakuzipiga marufuku pangaboi. Waliongeza masharti kwa marubani.

Afrika Mashariki haipo katika hali hiyo. Hapa pangaboi bado ni uti wa mgongo wa safari za ndani, na anayeianza leo haingii katika kazi inayokufa.

Linabaki suala la mkataba, ambalo vijana wengi hulisoma mwisho. Mafunzo ya aina mahususi ya ndege ni ghali, na shirika linapoyalipia huweza kumfunga rubani kwa miaka kadhaa. Akiondoka mapema, hurejesha fedha. Kifungo cha miaka miwili katika pangaboi inayoruka kila siku kinaweza kuwa na faida kuliko cha miaka mitano katika jeti inayosubiri vipuri. Inafaa pia kujua ni ndege ngapi zinaruka kweli, na walio mbele katika foleni ya kupanda kuwa rubani mkuu ni wangapi.

Kwa mizani hiyo, kwa walio wengi pangaboi ndiyo mwanzo wenye uhakika zaidi, mradi shirika linatunza ndege na watu wake. Atakayepewa jeti yenye saa za kutosha na mkataba wa haki hana sababu ya kuikataa. La hatari ni kuchagua kwa macho ya majirani. Abiria akishuka salama Bukoba, Mombasa au Kigoma hukumbuka kwamba amefika, na kazi ya kumfikisha ndiyo iliyolipiwa kile kiwanja.