Msimu wa besiboli huanzia kwenye cheti cha kuzaliwa

Kila Februari vyuo vya Marekani huanza msimu wa besiboli. Kabla ya hapo wachambuzi wao huwa wameshatabiri mengi: nani atarusha mpira mechi ya kwanza, nani amehitimu na kuacha pengo, mkono wa nani umepona. Msimu huishia Juni mjini Omaha, Nebraska, ambako timu 8 zilizobaki hugombea ubingwa. Ukisoma utabiri huo, hukuti mtu akiuliza kama wachezaji wana vyeti vya kuzaliwa.

Kwetu, utabiri wa haki lazima uanze na swali hilo.

Najua msomaji atasema, besiboli na Luanda Kotieno wapi na wapi? Hapa Rarieda, ukitaja mpira watu wanaelewa kandanda. Lakini Ziwa hili tunalovua omena na mbuta tunaligawana na Uganda, na ng'ambo hiyo vijana wamekwishaupeleka mchezo huu mbali kuliko wengi wetu tunavyodhani. Yaliyowafika yanatuhusu, tupende tusipende.

Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilishinda mashindano ya kanda ya Mashariki ya Kati na Afrika yaliyochezwa Kutno, Poland. Kwa ushindi huo ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufuzu kwa fainali za dunia za Little League, zinazochezwa kila Agosti huko Williamsport, Pennsylvania. Hawakwenda. Ubalozi wa Marekani uliwanyima viza, na sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba nyaraka za umri na tarehe za kuzaliwa hazikulingana. Nafasi yao ikachukuliwa na timu ya Dhahran, Saudi Arabia, ambayo walikuwa wameishinda.

Hebu fikiria hapo. Kiwanjani hawakushindwa na mtu. Waliangushwa na karatasi.

Mwaka uliofuata, 2012, timu nyingine ya Uganda, ya Lugazi, ilifuzu na nyaraka zake zikapita. Ilifungwa na Panama, ikafungwa na Mexico, kisha ikailaza timu ya Gresham, Oregon, kwa 3-2. Mwaka 2015 Uganda ikarudi Williamsport na kuishinda Jamhuri ya Dominika 4-1. Ikumbukwe kwamba hiyo ni nchi inayotoa wachezaji wa kulipwa kila mwaka. Na mwaka 2022 Los Angeles Dodgers, moja ya timu tajiri duniani, ikawasajili vijana wawili wa Uganda, Umar Male na Ben Serunkuma.

Kwa hivyo suala la kipaji tuliweke kando. Kipaji kipo Lugazi, na hakuna sababu kisiwepo Rarieda, Mbita au Kisumu. Kijana anayetupa wavu na kuvuta kamba tangu utotoni hakosi bega la kurushia mpira. Swali ni nini kinamzuia baada ya hapo.

Sisi tuliotoka Pwani ya bahari tunalijua jibu kwa uchungu. Kwa miaka mingi kijana Mwislamu wa Pwani au wa Kaskazini Mashariki akienda kuomba kitambulisho aliambiwa alete cha baba, kisha cha babu, kisha asimame mbele ya kamati athibitishe kuwa ni Mkenya. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia sahihi tangazo la kuondoa uchujaji huo. Ni hatua ya kushukuriwa. Lakini tangazo halimrudishii mtu nafasi ya masomo iliyompita akiwa na miaka 19 na yuko kwenye foleni.

Huku Ziwani tatizo lina sura nyingine. Familia za wavuvi huhama kufuata samaki. Mtoto anaweza kuzaliwa kisiwani, akaanza shule Mbita, akavuka kwa feri na kumalizia Luanda Kotieno. Sheria inataka kila mtoto asajiliwe ndani ya miezi 6 tangu kuzaliwa. Baada ya hapo anahesabiwa amechelewa, na usumbufu unaongezeka. Mzazi hukumbuka cheti pale shule inapokidai kwa ajili ya mtihani. Hapo ndipo haraka huzaa makosa: jina la shuleni ni moja, la zahanati ni jingine, na mwaka wa kuzaliwa unakisiwa. Miaka kumi baadaye afisa wa viza anaziweka karatasi mbili mezani, hazilingani, na safari imekwisha.

Kuna na wale wanaofanya makusudi. Kila msimu wa michezo ya shule hatukosi malalamiko kuhusu wachezaji waliopunguziwa umri. Mwalimu anayefanya hivyo hudhani ameisaidia timu. Kwa kweli amempa mtoto karatasi ya uongo itakayomfuata maisha yake yote, na amewapaka tope wenzake wasio na hatia. Dini yetu inatufundisha kwamba ushahidi ni amana. Tarehe ya kuzaliwa ya mtoto nayo ni ushahidi.

Sasa, matarajio ya msimu ujao ni yapi? Januari 2026 wanafunzi wa kwanza waliingia Gredi ya 10 chini ya mtaala mpya, na moja ya njia tatu za masomo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kwa mara ya kwanza mtoto anaweza kuchagua michezo kama somo badala ya kuifanya kwa wizi baada ya kengele. Besiboli nayo inarudi Olimpiki mwaka 2028 mjini Los Angeles. Zitacheza timu 6 tu, kwa hivyo sitamdanganya mtu kwamba Kenya itakuwemo. Lakini Olimpiki huvuta wafadhili, makocha na vifaa, na vitu hivyo huenda kwa waliojiandaa.

Kujiandaa kwenyewe hakuhitaji mamilioni. Mwalimu mkuu akague faili za wanafunzi wake muhula unapoanza, asingoje wiki ya mashindano. Chifu na viongozi wa bichi wawakumbushe wazazi kuandikisha watoto wachanga, kama wanavyowakumbusha kuhusu leseni za uvuvi. Ofisi ya usajili ipeleke maafisa visiwani mara kwa mara, maana nauli ya boti kwenda na kurudi ni chakula cha nyumba kwa siku nzima. Na mzazi alinganishe majina mwenyewe, herufi kwa herufi, cheti cha kuzaliwa na faili ya shule.

Wapo watakaosema kuna mambo makubwa zaidi ya besiboli, madarasa hayana madawati. Ni kweli. Lakini cheti kinachompeleka mtoto Williamsport ndicho hicho hicho anachohitaji ili asajiliwe mtihani wa kitaifa na baadaye apate kitambulisho na pasipoti. Asipocheza besiboli hata siku moja, hatakuwa amepoteza kitu.

Wachambuzi wa Marekani waendelee kuhesabu warushaji wao. Sisi tukitaka kujua msimu wetu utakuwaje, tuanze kwa kufungua kabati la faili la shule iliyo karibu na tuhesabu vyeti vilivyomo. Idadi itakayopatikana ndiyo timu tuliyo nayo.