Tumbo la tkinter Nalo Lina Aina

Wanasema: katika tkinter, maktaba ya Python ya kuundia madirisha na vitufe, maelezo ya aina za data yabandikwe juu tu, moduli ya ndani, _tkinter, iachwe, kwani hakuna anayeigusa.

Hakuna? Ukiuliza upana wa dirisha tu, swali linapita humo kwenda Tcl, lugha inayoendesha madirisha hayo, na jibu linarudi humohumo.

Eti pia kwa Tcl kila kitu ni matini, basi tuandike str, aina ya matini, tukalale. Lo! Tangu Python 2.3, moduli hiyo hubadili majibu: mara namba, mara tuple, mara kitu kiitwacho Tcl_Obj. Chukua kitufe cha ttk, moduli iliyo ndani ya tkinter, kilichozimwa, andika kitufe['state'] == 'disabled'. Waweza kupata False, na ukiichapisha thamani hiyo unasoma "disabled" wazi kabisa! Dawa ni kuipitisha kwanza kwenye str(). Anayeandika str kwenye maelezo anamficha mwenzake mtego huo. Afadhali Any, yaani aina yoyote, ambayo walau haidanganyi.

Na _tkinter imeandikwa kwa C, ambayo kikagua aina cha Python hakisomi. Bila faili la .pyi, la kuorodhesha aina hizo, hakijui kilichomo. Basi ni lazima liwepo, na Tcl_Obj itajwe humo kwa jina lake.