Bisi inachelewa, nani anaandika?
Ndugu watumikaji, saa kumi ya asubuhi tuko barabarani huku Kolwezi, tunangojea bisi ya sutretansi. Mwenye bisi analipwa kwa safari. Bisi ikifika saa mbili nyuma, safari yake inahesabiwa tu. Mwenye kukatwa mushahara ni mutumikaji.

Sheria ya 2017 iliwekea kampani za Wakongomani kazi ya sutretansi. Ni muzuri. Lakini mwenye kungojea bisi naye ni Mukongomani.

Tunaomba hivi: delege aandike kila siku mu kitabu bisi ilifika saa ngapi, wangapi walisimama, mara ngapi iliharibika. Mwisho wa mwezi, malipo ya mwenye bisi yafuate kile kitabu. Shaba inapimwa kwa tani. Masaa yetu nayo yapimwe.